Snuka ya kompyuta imetupa macho, ikatunyima mdomo

Neno snuka lilizaliwa katika kejeli. Inasimuliwa kwamba mwaka 1875, katika mji wa Jabalpur nchini India, maafisa wa jeshi la Uingereza walikuwa wakijipitishia siku za mvua kwa kucheza biliadi na michezo mingine ya meza. Mmoja wao, kijana aliyeitwa Neville Chamberlain (si yule aliyekuja kuwa Waziri Mkuu, ni mwingine wa jina hilo), alimwona mwenzake akikosa kutumbukiza mpira uliokuwa umekaa mdomoni mwa shimo. Akamwita snuka. Hilo lilikuwa jina la dharau walilopachikwa makurutu wa mwaka wa kwanza katika chuo cha kijeshi. Watu wakaangua kicheko. Ili kumpoza mwenzake, Chamberlain akaongeza kwamba katika mchezo ule mpya wote walikuwa masnuka. Jina likaganda hadi leo.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu kinatupa swali la kuhakikia. Mchezo uliopewa jina na mdomo wa mchezaji, je, hubaki mchezo uleule ukihamishiwa katika kompyuta ya nyumbani, mahali ambapo hakuna wa kukejeli wala wa kukejeliwa?

Kazi ninayoihakiki leo ni Jimmy White's Whirlwind Snooker, mchezo ulioundwa na Mwingereza Archer Maclean na kutolewa mwaka 1991 na kampuni ya Virgin kwa ajili ya kompyuta za nyumbani za wakati huo, Amiga na Atari ST. Ni kazi kongwe kwa hesabu ya teknolojia. Hata hivyo, ungali unachezwa na wapenzi wake, ambao hutumia programu zinazoiga kompyuta hizo za zamani. Maclean mwenyewe alifariki Desemba 2022. Nimeuchagua kwa sababu ndani yake mna jambo dogo la kuchekesha ambalo, nikilitazama kwa jicho la mhakiki wa fasihi, naona linafichua udhaifu wa michezo yote ya aina hii. Nitalifikia.

Najua kuna msomaji ambaye tayari ameguna: ati sasa mchezo wa kompyuta nao ni fasihi? Jibu langu si refu. Wanafunzi wetu wa sekondari hufunzwa michezo ya watoto kama kipera cha maigizo katika fasihi simulizi. Hufunzwa pia kwamba kazi simulizi haikamiliki kwa maneno peke yake. Ina mtendaji, ina hadhira, ina mahali na wakati. Mholanzi Johan Huizinga, katika kitabu chake Homo Ludens cha mwaka 1938, alishikilia kwamba kucheza kulitangulia utamaduni. Ikiwa tunakubali kuhakiki kibemasa na ukuti, basi hatuna sababu ya kuiogopa snuka eti kwa kuwa imo ndani ya mashine.

Kwanza tuuelewe mchezo wenyewe. Meza kamili ya snuka ina urefu wa futi 12 na upana wa futi 6 hivi, na mashimo sita. Juu yake mna mipira 22. Mmoja ni mweupe, nao ndio pekee unaogongwa kwa fimbo. Kumi na mitano ni myekundu, na kila mmoja una thamani ya pointi 1. Iliyobaki ni sita ya rangi: wa njano pointi 2, wa kijani 3, wa kahawia 4, wa samawati 5, wa waridi 6 na mweusi 7. Mchezaji hutumbukiza mwekundu, kisha wa rangi, kisha mwekundu tena. Wa rangi hurudishwa mezani mpaka myekundu yote iishe, ndipo ile sita nayo itumbukizwe kwa zamu. Anayefuatisha kila mwekundu kwa mweusi hupata 8 mara 15, yaani 120, kisha 27 za rangi zote sita. Jumla ni 147, kilele ambacho kwa kawaida hakipitwi.

Jimmy White, aliyeupa mchezo huu wa kompyuta jina lake, ni mchezaji wa London aliyepewa lakabu ya Whirlwind kwa kasi yake mezani. Tukitaka kuitafsiri lakabu hiyo, kimbunga ni kikubwa mno. Kisulisuli ndilo neno lenyewe. Kisulisuli huyo aliingia fainali ya dunia mara sita (1984, 1990, 1991, 1992, 1993 na 1994) na akashindwa zote sita. Mwaka uleule mchezo ulipotoka, alishindwa na John Parrott. Umaarufu wake haukutokana na kombe la dunia. Watu walimpenda kwa jinsi alivyocheza, na kupendwa huko ni kazi ya hadhira. Tulishike hilo.

Sasa tuketi mbele ya kompyuta. Jambo la kwanza linalomvutia mchezaji wa Whirlwind Snooker ni uhuru wa macho. Kwa kukisogeza kipanya tu, unaweza kuizunguka meza, ukapanda juu yake kana kwamba umening'inia darini, au ukashuka mpaka jicho lako likawa usawa wa kitambaa. Unaweza kwenda nyuma ya shimo, ukautazama mpira kutoka kule unakotarajiwa kufikia. Katika ukumbi halisi hayo yote yana mipaka. Kuna ukuta mgongoni, kuna kimo chako, kuna kiwiko cha jirani aliyeshika chupa.

Uhuru huo si pambo. Kosa la kawaida la anayeanza ni kuitazama mipira kutoka mahali aliposimama yeye, akadhani kwamba hapo ndipo ukweli ulipo. Mchezo wa Maclean unamfunza kuuliza: shimo linauonaje mpira huu? Ukishauliza hivyo, pembe iliyokuwa fumbo inajieleza yenyewe. Kwa sababu hii nasema kwamba kama kifaa cha kufunzia macho, kazi hii ni bora kuliko ukumbi wowote wa pool ninaoujua, na sifa hiyo haiondolewi na hata moja kati ya lawama zitakazofuata.

Sifa ya pili ni uaminifu wa mipira yenyewe. Hesabu za biliadi si mchezo wa watoto. Mfaransa Gaspard-Gustave Coriolis, yule ambaye jina lake tunalikuta katika masomo ya jiografia tunapoeleza mkengeuko wa pepo, aliandika kitabu kizima mwaka 1835 kuhusu hisabati ya mchezo wa biliadi. Mpira ukigongwa katikati, huanza kwa kuteleza kabla ya kubingirika. Ukigongwa juu ya kitovu, hubingirika mbele kwa nguvu zaidi. Ukigongwa chini, hujizungusha kinyume huku ukienda mbele. Kompyuta ya Atari ST ilikuwa na kasi ya megahezi 8 tu, na Amiga ilikuwa chini kidogo ya hapo. Simu ya bei nafuu iliyo mfukoni mwako leo inaziacha mbali sana. Hata hivyo, ndani ya udogo huo Maclean aliitia mipira tabia ambayo aliyewahi kushika fimbo huitambua mara moja.

Hapa ndipo lugha inapoingia, nami naomba msomaji anivumilie, kwa maana ndipo hoja yangu inapokaa. Tuseme mpira mweupe umeugonga mwekundu uso kwa uso. Kuna mambo matatu yanayoweza kuupata ule mweupe. Ama utaufuata mwekundu, ama utasimama palepale, ama utarudi ulikotoka. Tazama vitenzi hivyo: kufuata, kusimama, kurudi. Havikuundwa na kamati. Mtoto wa miaka mitano anavijua. Mchezaji naye akitaka kuyasababisha mambo hayo, lugha inampa vinyambuaji: huusimamisha mpira, huurudisha, huufuatisha. Mfumo mzima wa kuuzungusha mpira mweupe, ambao katika vitabu vya kigeni umejazwa majina ya kitaalamu, katika Kiswahili umekwisha kutayarishwa na mnyambuliko wa vitenzi.

Tujaribu pigo moja. Mwekundu umekaa karibu na shimo la pembeni. Mweupe uko nyuma yake, katika mstari mmoja nao na shimo. Mweusi uko mahali pake pa kawaida, kando. Mchezaji anasema: nitaugonga mweupe chini ya kitovu, mwekundu nitautumbukiza, mweupe utarudi kidogo tu, uache pembe ya kuuendea mweusi. Sentensi hiyo haina istilahi moja ya kitaalamu, na hakuna Mswahili anayehitaji kamusi kuielewa. Katika kompyuta, pigo hilohilo hufanywa kwa kuisogeza alama iliyo juu ya picha ya mpira mweupe, kupima nguvu, kisha kubofya. Limefanyika, tena vizuri. Ila halikusemwa.

Kisha kuna jozi moja ya vitenzi ambayo naiona kuwa zawadi ya Kiswahili kwa mchezo huu: kutumbukia na kutumbukiza. Mpira uliotumbukia umeingia wenyewe. Mpira uliotumbukizwa umeingizwa na mtu aliyekusudia. Kila aliyewahi kusimama kando ya meza ya pool anajua kwamba nusu ya mabishano huzunguka tofauti hiyo. Mchezaji anapiga kwa nguvu, mpira unagonga ukingo huu, unagonga ule, unagongana na mwingine, halafu unazama katika shimo ambalo hakulitazama kabisa. Yeye ananyoosha mgongo, anapaka chaki fimbo yake kwa utulivu wa profesa. Mpinzani wake hakubali.

"Buda, huo hukuutumbukiza. Umetumbukia!"

"Kwani ulitaka nikutangazie?"

"Mzee, wewe ulikuwa hapo. Mwambie."

Huyo mzee aliyeitwa kuamua amegeuzwa hakimu, na hukumu yake haihusu pointi. Inahusu kama mchezaji astahili sifa. Bahati na ustadi huleta matokeo yaleyale ubaoni, lakini machoni mwa watu haviwi sawa hata kidogo, na lugha yetu imeitunza tofauti hiyo katika silabi moja ya mwisho. Kompyuta haina silabi hiyo. Mpira umeingia, pointi zimeandikwa, basi. Ukitumbukiza kwa pembe uliyoipima kwa dakika mbili au ukiuona mpira unatumbukia kwa sadfa, mashine haitofautishi. Kanuni rasmi za snuka nazo hazitofautishi, kwa hiyo Maclean hana hatia. Lakini katika ukumbi, kanuni zikinyamaza, kuna watu wa kusema. Nyumbani kanuni zikinyamaza, ni kimya kitupu.

Vivyo hivyo kwa kitendo ambacho ndicho roho ya snuka, yaani kumwachia mpinzani mpira mweupe nyuma ya mpira mwingine ili asiweze kuupiga moja kwa moja ule anaotakiwa kuupiga. Kiswahili kinasema kuziba, na mnyambuliko unatuambia nani alimtenda nani. Amenizibia. Nimezibiwa. Amejiziba mwenyewe, maskini. Kila umbo linabeba lawama au pongezi yake. Mchezaji wa kompyuta akizibiwa, huona tu kwamba njia haipo.

Nisieleweke kwamba naililia zamani. Nataka kuonyesha udhaifu wa kazi hii unakoanzia. Whirlwind Snooker ina meza, ina mipira, ina fimbo, lakini haina watu. Hakuna mwili wa mchezaji, hakuna uso wa mpinzani. Ukicheza dhidi ya kompyuta, fimbo husogea yenyewe kama vile imeshikwa na jini. Meza nayo haina tabia. Ni tambarare kabisa, kitambaa chake hakichakai, kingo zake zote zina nguvu sawa. Meza nyingi za pool katika mabaa na vibanda vyetu hazikujaliwa hivyo. Hii imeinama upande wa mlango. Ile ina ukingo uliokufa. Nyingine shimo lake la kati limepanuka kwa kutumiwa na lingine limebana. Mwenyeji huijua meza yake kama mkulima anavyolijua shamba lake, na mgeni hulipa karo ya kujifunza kwa sarafu zake mwenyewe, maana aliyeshindwa ndiye hulipia mchezo unaofuata huku mshindi habanduki.

Sasa nilifikie lile jambo dogo la kuchekesha. Katika mchezo wa Maclean, mchezaji akichelewa mno kupiga, mipira huanza kumfanyia vituko. Inaota nyuso na kumkunjia sura, imdhihaki kwa uzembe wake. Wengi walioucheza mchezo huu husahau alama zao walizozipata, lakini mipira ile yenye nyuso hawaisahau.

Wengine watasema huo ni mzaha wa mwandishi wa programu aliyetaka kuchangamsha watu. Mimi nausoma kwa namna nyingine. Naona ni mahali ambapo kazi yenyewe imehisi pengo lake. Mtu aliyetumia akili nyingi hivyo kuiga mwendo wa mpira alitambua, kwa kujua au kwa kutojua, kwamba meza isiyo na mtu wa kukukejeli haijawa meza ya snuka. Kwa kuwa hakuwa na watu wa kuwaweka pale, aliwapa mdomo mipira. Na kejeli aliyoichagua inalingana na jina la mchezo, kwani katika nyumba ya Kisulisuli mwenye kupiga polepole ndiye wa kuchekwa. Ukiupima kwa kigezo cha umoja wa maudhui na fani, huo ni uamuzi wa msanii.

Tatizo ni kwamba kejeli ile haikujui wewe. Inachokoza saa, si kitendo. Umekosa mpira wa wazi? Mipira haina la kusema. Umejiziba? Kimya. Umebahatisha kisha ukajidai? Kimya tena. Itakukunjia sura kwa kuchelewa tu, leo kama jana. Sasa linganisha na ile kejeli ya Jabalpur. Chamberlain alimwona mtu fulani, akikosa mpira fulani, mbele ya watu waliolijua tusi la makurutu na uzito wake. Mambo hayo yalikutana mara moja, neno likazaliwa. Mdomo uliopangiwa dakika ya kufunguka haungeweza kulizaa.

Historia ya michezo iliyofuata inaunga mkono usomaji huu. Mwaka 1995 kampuni ya Celeris ya Marekani iliunda Virtual Pool. Huko, mchezaji hakupimiwa nguvu kwa kubofya. Alikivuta kipanya nyuma na kukisukuma mbele kana kwamba ameshika fimbo, na kasi ya mkono wake ikawa ndiyo nguvu ya pigo. Basi kama Maclean alitupa macho, hawa walitupa mkono. Mwaka 1998 Maclean akarudi na Jimmy White's 2: Cueball. Mara hii alijenga nyumba nzima kuizunguka meza. Ndani yake unaweza kuacha snuka ukaenda kurusha vishale, ukacheza drafti, hata ukacheza Dropzone, mchezo wake mwenyewe wa miaka ya themanini. Nauona uamuzi huo kama jibu la pili kwa swali lilelile. Meza ilihisi upweke, akaitafutia chumba na samani. Lakini samani, hata ziwe nyingi namna gani, hazitakubishia kwamba mpira ulitumbukia.

Kisha ikaja intaneti, na wengi wakadhani mdomo umerudi. Mchezo wa 8 Ball Pool wa kampuni ya Miniclip, uliotoka mwaka 2010, humkutanisha kijana wa Kakamega na mpinzani aliye Brazil au Uturuki. Kweli kuna mtu upande wa pili. Ila tazama wanavyozungumza: wanachagua maneno yaliyokwisha kuandikwa na kampuni, au vikaragosi vya kucheka na kulia. Ukitaka kumpongeza mwenzako, pongezi ipo kwenye orodha. Ukitaka kumtania, utani upo kwenye orodha pia. Kwa kampuni, orodha hiyo ina faida zake. Inazuia matusi na kurahisisha mawasiliano baina ya watu wasiojuana lugha. Kwa mwanaisimu ni tahadhari. Mzungumzaji aliyepewa orodha anaweza kutumia lugha tu, hawezi kuizalisha. Neno snuka halikuwa kwenye orodha yoyote siku lilipotamkwa.

Kwa nini jambo hili litukere sisi tunaoandika kuhusu Kiswahili? Kwa sababu tumezoea kulalamika kwamba lugha yetu imekosa istilahi za mambo ya kisasa, halafu tunangoja vikao vizitoe. Kamusi zimetupa biliadi, lakini kijana wa Kenya hamwambii mwenzake twende tukacheze biliadi. Husema pool, na nimeliandika hivyo kwa kuwa ndivyo lilivyo vinywani mwa watu. Tazama bao. Mchezo huo wenye mashimo 32 na kete 64 una msamiati wake kamili: namua na mtaji, kutakata, nyumba, kichwa, kimbi. Maneno hayo yalitoka barazani, kwa watu waliokuwa wakicheza, wakitazama, wakibishana na kutaniana. Tazama pia kandanda. Kuotea, mkwaju wa penalti na mlinda lango yalienea kwa sababu watangazaji na mashabiki walikuwa na haja ya kusema kilichotokea, papo hapo, kwa mtu mwingine anayesikiliza.

Istilahi, kwa hivyo, huzaliwa pale panapokuwa na wa kuambiwa. Mchezo unapohama kutoka ukumbini hadi chumbani, kinachopotea kwanza ni yule wa kuambiwa. Kijana anaweza kutumbukiza mipira elfu kumi katika kompyuta yake, akawa bingwa wa pembe, asiwe na sentensi moja ya kueleza alichokifanya. Ustadi uko mkononi, mdomo uko mtupu.

Hata hivyo, haki inanidai niseme upande wa pili, tena kwa uzito wake. Mdomo wa ukumbini si utani mtamu kila wakati. Kuna kejeli zinazoumiza, kuna kamari, kuna magomvi yanayoanza na chaki na kuishia kwa fimbo kuvunjwa. Msichana anayetaka kujifunza mchezo huu mara nyingi hulazimika kupita kwenye miguno na maneno ambayo kaka yake hakuyasikia. Wapo ambao dini au malezi yao hayawaruhusu kukanyaga baa. Kwa watu hao, kompyuta ya nyumbani ni meza ya kwanza iliyowapokea bila kuwatazama vibaya. Anayeusifu ukumbi bila kuyataja haya ana pahali pake salama pale ukumbini, na huenda hajui ni nani aliyebaki nje.

Ndiyo maana hukumu yangu juu ya Whirlwind Snooker haiwi ya kuitupa. Tena kuna jambo ambalo lawama zangu zote hazijaligusa: mchezo huu unaruhusu watu wawili kucheza kwa zamu katika kompyuta moja. Waketi pamoja, mmoja amekishika kipanya, mwingine anasubiri. Mara hiyo kila kilichokosekana kinarejea. Dada anamwambia kaka yake, "Hiyo haiingii hata ukiombewa." Kaka anachelewa kupiga, mipira inamkunjia sura, dada anaungana nayo. Mpira unatumbukia, ubishi unaanza: ni bahati au ni kipaji? Udhaifu niliouona katika kazi ya Maclean unapungua kwa nusu mtu wa pili akivuta kiti, na pale hakuna mlevi wala mlango wa baa wa kuuogopa.

Nina maombi mawili. La kwanza ni kwa vijana wetu wanaounda michezo ya kompyuta. Mkifika kwenye Kiswahili, msikomee kutafsiri vitufe vya anza na maliza. Mchezo ujue kwamba kutumbukia si kutumbukiza. Mchezaji atangulie kulitaja shimo, kama baadhi ya kanuni za pool zinavyodai, na mashine imwambie wazi kama alichokitaja ndicho kilichotokea. Ikishindikana, waachieni wachezaji nafasi ya kuandika neno lao wenyewe.

Ombi la pili ni kwa walimu wenzangu. Siku moja waambieni wanafunzi waeleze pigo moja tu la pool au la snuka, la mezani au la kwenye skrini, kwa aya moja, bila neno la kigeni. Kisha waulizeni wanyambue kitenzi gonga kwa kadiri pigo lile linavyohitaji: mpira uliogonga, uliogongwa, iliyogongana, ulioigonganisha. Watakaofanya vizuri zaidi, nadhani, watakuwa wale ambao siku zote tunawashtumu kwa kupoteza wakati kwenye meza za pool. Wakileta neno ambalo hatulijui, tusikimbilie kalamu nyekundu. Tuwaulize kwanza lilisemwa na nani, na alikuwa akimcheka nani.